Maji ya Kutobolea Akriliki

Nimetoboa akriliki kwa miaka mingi sasa, na sijawahi kuona kibao kilichopasuka kwa sababu ya hedhi. Nimeona vilivyopasuka kwa biti butu ya drili, kwa biti kali kupita kiasi, kwa haraka, kwa joto, na kwa skrubu iliyokazwa na mtu aliyetoka kugombana na mkewe. Vyote hivyo nimeviona, na vingi nimevipasua mwenyewe. Lakini mpaka leo, hapa Nyarugusu kwenye machimbo, nikianza kueleza kwa nini kibao cha kwanza cha duara la akina mama, yaani shimo lao la dhahabu, kilipasuka, wanaume wazima wenye watoto sekondari wananitazama kwa huruma, kisha wanabadilisha mazungumzo.

Kazi yangu ni vibao. Nina chumba kimoja njia ya sokoni, kati ya duka la kamba na koleo na fundi wa simu. Naandika majina ya maduka, namba za vyumba vya nyumba za wageni, tuzo za mashuleni, vibao vya makaburini. Akriliki inanijia kutoka Mwanza ikiwa imeshakatwa, vipande vitupu vilivyofunikwa karatasi pande zote mbili. Watu huku wanaiita kioo cha plastiki, na kwa sababu ya hilo neno plastiki wanadhani inavumilia kila kitu kama ndoo. Haivumilii. Ile ya bei nafuu, ambayo ndiyo tunayoletewa sisi, inavunjika kama kashata.

Kazi hii niliianzia Shinyanga mjini, kwa mwanamume mwenye karakana ya madirisha ya alumini aliyekuwa akitengeneza na tuzo pembeni. Aliniajiri kuandika herufi, maana mwandiko wangu ni mzuri. Kutoboa alikuwa anatoboa yeye. Biti ikitokeza upande wa pili, kipande cha ukubwa wa ukucha kinabanduka chini, au ufa unakimbia mpaka ukingoni, naye anageuka kunitafuta mimi. Alishasema mara nyingi nisisimame nyuma yake anapotoboa. Basi nikawa nasimama mbele, ikapasuka. Siku moja nikatoka nje kabisa, nikakaa kibarazani, ikapasuka vilevile, na siku hiyo akasema ni baridi ya Juni. Yeye alikuwa anasukuma tu. Aliegemea ile mashine kwa kifua chake chote, akanuna, na akimaliza kuharibu alikuwa na orodha nzima ya wakosaji, na jina lake halikuwemo.

Nilijifunza mchana, yeye akienda kula. Nilichukua vipande vilivyokwisha kuharibika nikavitoboatoboa mpaka nikaelewa. Biti mpya ya chuma inauma mno, inaidaka akriliki na kuivuta juu, kwa hiyo naipitisha kwenye jiwe la kunolea mara mbili tatu, si kuinoa bali kuiua makali kidogo, ili ikwangue badala ya kuuma. Kipande nakilaza juu ya ubao mzima, juu yake naweka ubao mwingine mwembamba, nakaza kwa klampu, na karatasi yake siibandui. Naanza na biti ndogo, kisha ya kati, kisha ya ukubwa ninaoutaka. Nashuka kidogo, natoka, nafuta unga, natia tone la maji ya sabuni kupoza, narudi. Nikisikia harufu tamutamu ya kuyeyuka, nasimama. Nikikaribia upande wa pili nalegeza mkono mpaka drili iende karibu kwa uzito wake yenyewe, maana akriliki hupasuka pale mtu anapodhani amemaliza. Na tundu lenyewe liwe pana kuliko skrubu, kwa sababu jua la mchana linakipanua kibao na usiku kinanywea, na kikikosa nafasi kinajipasua chenyewe. Hakuna kingine. Nimeyataja yote na sijaficha hata moja, na mtu yeyote mwenye subira ya nusu saa anaweza.

Sasa nije kwa mayu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo tulivyomwita wote, wakubwa kwa wadogo, ingawa alikuwa na cheo cha mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Mikono hiyo ilitokana na kuponda mawe. Alikuwa ameponda mawe ya dhahabu ya watu wengine mwaloni, pale mawe yanapopondwa na kuoshwa, tangu mume wake hajafa, kwa nyundo, ameketi chini ya turubai, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Yeye na wenzake kumi na mmoja walichoka kuponda ya wenzao wakaomba leseni yao ya kuchimba. Walizungushwa kwa muda ambao ningekuwa mimi ningekata tamaa, lakini waliipata. Mwenye shamba lenye eneo la leseni hiyo aliwakubalia, kwa sharti moja: duara lianze kazi kabla ya mwezi kwisha, la sivyo anampa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine alikuwepo, alikuwa na duara jirani, na alikuwa anapita kila jioni kuangalia kama wameshindwa.

Mayu alikuja dukani na karatasi ya leseni imekunjwa ndani ya kitambaa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Alitaka kibao kizuri cha kuweka mdomoni mwa duara, chenye jina la kikundi na namba ya leseni, kioo kile kinachong'aa, si bati la kuandikwa kwa rangi ya mafuta kama vibao vya wengine. Nilimweleza kwamba bati lingedumu zaidi. Akasema anajua, lakini amekaa miaka yote hiyo anaponda mawe yenye majina ya watu, sasa anataka jina lao lionekane kutoka barabarani. Sikubishana naye tena.

Kibao kilikuwa cha urefu wa mkono. Niliandika herufi, nikatoboa matundu manne ya pembeni hapahapa dukani, nikakata washa nne za mpira wa tyubu ya baiskeli za kuwekwa chini ya skrubu. Kikatoka safi. Siku ya kufungua duara nilipanda nacho bodaboda, nimekikumbatia kifuani kwa khanga mbili.

Kwa asiyejua taratibu za huku, niseme. Mwanamke haruhusiwi kusogelea mdomo wa duara. Atawapikia wachimbaji, atawatekea maji, ataponda na kuosha mchanga mpaka kucha zing'oke, lakini akisogea pale mdomoni, na hasa akiwa kwenye siku zake, dhahabu inakimbia. Ndivyo wanavyosema, inakimbia, inahama mwamba. Nimewahi kuuliza mbona haikimbii mwaloni, ambako mwanamke anaishika kwa vidole vyake kutwa nzima, na nikajibiwa kwamba pale imeshakamatwa. Watu wanaojibu hivyo ndio wanaotuambia sisi hatuna akili ya kusimamia mgodi.

Kwa hiyo duara lilikuwa la wanawake kumi na wawili, karatasi ilikuwa ya wanawake kumi na wawili, na kamba ilikuwa imefungwa hatua ishirini kutoka kwenye mdomo, na wanawake kumi na wawili walikuwa wamesimama nyuma ya kamba. Mayu alikuwa mbele yao, kamba inamgusa tumboni. Ndani ya kamba walikuwa wanaume, wachimbaji tisa waliokubali kushuka kwa mgawo wa mawe, na msimamizi wao, mtu wa kutoka Kagongwa, mwenye sauti ya taratibu na shingo ngumu. Alikuja mpaka kwenye kamba, akapokea kibao kutoka mikononi mwangu, akakigeuza geuza, akasema matundu manne hayatoshi. Nguzo walizosimamisha zilikuwa tatu. Anataka mawili ya katikati.

Nikamwambia anirudishie nikayatoboe palepale, nyuma ya kamba, drili yangu ya betri ilikuwa kwenye mfuko. Alitabasamu. Alisema wao wanatoboa mwamba, dada, sembuse hiki. Akaniomba ile drili kwa mkono wa kunyoosha tu, bila kusubiri jibu, na mimi, Mungu anisamehe, nikampa. Nilimpa kwa sababu wote walikuwa wananitazama na nilikuwa mgeni pale, na nilidhani nikimwelekeza kwa mdomo atasikia.

Hakusikia. Alikiegemeza kibao kwenye nguzo, wima, bila ubao nyuma yake. Nilimwambia akilaze. Akawageukia wenzake wakacheka. Kwenye drili ile kuna swichi yenye alama ya nyundo, ya kutobolea ukuta, na mtu aliyezoea mwamba vidole vyake vinaitafuta hiyo swichi vyenyewe. Nilimwona akiisukuma. Nilipaza sauti aiondoe kwenye nyundo. Akaweka bega nyuma ya mashine kama wanavyofanya kule chini, akasukuma.

Ililia mara moja tu. Ufa ulitoka kwenye tundu, ukapanda ukalikata jina la kikundi katikati, ukafika ukingoni, na nusu ya kibao ikabaki mkononi mwake, nyingine ikaanguka miguuni.

Nilitegemea aseme samahani, au hata atukane. Msimamizi alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, akatembea taratibu mpaka kwenye kamba. Alipofika aliuliza, mbele ya watu wote, kwa ile sauti yake ya upole: "Dada, samahani, uko kwenye siku zako?"

Sikumjibu. Sikuwa, kama kuna anayetaka kujua, lakini sikumjibu siku ile na nisingemjibu leo. Nilitaka kumwonyesha ile swichi, bado ilikuwa kwenye nyundo, ushahidi ulikuwa mkononi mwake anaushika kwa kidole gumba. Nilisema hivyo. Nilisema angalia swichi. Yeye alishaniacha, alikuwa anawauliza wanawake wengine, mmoja mmoja kwa macho, na wao walikuwa wanatazama chini, wanawake wenye wajukuu, wanatazama chini. Kule nyuma wachimbaji walianza kuvaa mashati. Mmoja alisema duara limekataa. Ndani ya dakika chache walikuwa wameondoka wote tisa, na yule mtu wa duara jirani, aliyekuwa amesimama kwenye kichuguu akituangalia, akateremka akaenda zake anapiga mluzi.

Mwezi ulikuwa umebakiwa na siku nne.

Mayu alikuja dukani asubuhi iliyofuata. Hakulia na hakulaumu. Aliuliza kama naweza kutengeneza kingine. Nilimwambia tatizo si kibao, tatizo ni wale watu, hata nikimpa vibao mia watapata cha kusema. Akasema yeye hana nafasi ya kuwafundisha watu, ana siku tatu. Alishaongea na msimamizi usiku uliopita. Msimamizi amesema wachimbaji watarudi wakiona kwa macho yao kibao kinatobolewa palepale bila kupasuka. Kikipita, duara limekubali. Kikipasuka, wasiitwe tena.

Nilikasirika hadi nikacheka. Yaani kosa la bega lake limekuwa mtihani wangu. Na kilichonitia wasiwasi ni kwamba nilikuwa nimebakiwa na kipande kimoja tu cha ukubwa ule, nacho kilikuwa kibaya. Kilikuwa kimekaa dirishani kwa muda mrefu kama sampuli, jua limekipiga, kimekuwa na ule ugumu mkavu ambao ukikigonga kwa ukucha unausikia. Mwanza wasingeweza kuleta kingine kabla ya wiki. Nilimweleza mayu yote hayo. Alikipapasa kile kipande kwa vidole vyake vinene, akaniambia nitaweza. Hakujua lolote kuhusu akriliki. Alisema tu.

Nikaandika herufi upya. Matundu yote sita nikayaacha nikayatoboe kulekule.

Tulifika asubuhi, jua halijakolea. Mama lishe wa pale alituazima meza, tukaiweka nyuma ya kamba. Wachimbaji walikuja wakasimama upande wa pili, mikono kifuani, na msimamizi katikati yao. Nilitoa ubao wangu wa chini, ubao wa juu, klampu mbili, biti tatu nilizoziua makali usiku ule, na chupa ndogo ya maji ya kunywa ambayo ndani yake nilikuwa nimekwangulia sabuni ya kipande mpaka maji yakawa meupe. Sikumsalimia mtu. Hiyo si tabia yangu, nimelelewa vizuri, lakini siku ile salamu haikutoka.

Tundu la kwanza lilinichukua karibu dakika kumi. Nashuka, natoka, nafuta, natia tone, nashuka. Mmoja wao akasema kwa kasi hii wangekuwa hawajafika hata mita moja. Wenzake wakacheka, nikamwacha. Nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo inayosukuma drili, kwa hiyo nilikuwa nasimama kila mara nashusha pumzi. Biti kubwa ilipokaribia chini nililegeza mpaka nikawa kama siishiki. Ikapita. Uzi mweupe wa akriliki ukajikunja juu ya tundu, mzima, na nikajua biti haijauma.

La pili likapita. La tatu lilitoa harufu nikasimama kwa muda mrefu, nikalimwagia maji, nikapuliza, nikaanza tena. Kufikia la nne kicheko kilikuwa kimekwisha. Walikuwa wamesogea mpaka kamba inawagusa mapaja, wanatazama ile chupa. Mimi niliona wanatazama mikono yangu. Nilifurahi, nakiri, nilidhani hatimaye wanaona jinsi kazi inavyofanywa. La tano ni lile la katikati, mahali palepale alipopasua yeye. Nilikwenda polepole kupita yote, na lilipotoboka mwanamke mmoja nyuma yangu alisema "wabeja", ahsante, kwa sauti ndogo, sijui alikuwa anamwambia nani. La sita likafuata.

Nilifungua klampu, nikabandua karatasi, nikakiinua kibao kwenye jua. Hapakuwa na ufa, wala mkwaruzo, wala kipande kilichobanduka. Nakumbuka nilikigeuza kuwaonyesha upande wa nyuma, ambako ndiko makosa hujificha, nikisubiri mmoja tu aseme fundi.

Msimamizi aliuliza: "Ndani ya chupa kuna nini?"

Mayu akajibu kabla yangu. Alisema ni maji ya kutobolea.

Akauliza yametoka wapi. Mayu akasema huyu binti ndiye mwenye nayo. Halikuwa jibu la uongo. Lakini niliona jinsi yule mwanamume alivyonitazama, macho yake yamebadilika, ile dharau yote imetoka na mahali pake pameingia kitu kibaya zaidi, heshima ya kuogopa. Aliomba, sasa kwa mikono miwili, kama ningewapa yaliyobaki. Nikafungua mdomo kusema ni sabuni, sabuni ya kipande, ya kufulia, iko kila duka, nusu yake iko nyumbani kwangu kwenye sahani. Mayu akanishika kiwiko. Mikono yake ilikuwa na nguvu kweli. Akanivuta pembeni kidogo akaninong'oneza: "Mwanangu, unataka wajue, au unataka waingie?"

Nikafunga mdomo.

Msimamizi aliipokea chupa, akaenda nayo mdomoni mwa duara, akanyunyiza kwenye mbao, kwenye kamba ya kushukia, kwenye viganja vya vijana wake. Mmoja alijipaka usoni, sabuni ikamwingia machoni, akapangusa na hakulalamika. Kisha wakavua mashati. Kibao walikifunga wenyewe, maana sikuruhusiwa kufika, na mimi nikabaki kwenye kamba nikihesabu mizunguko ya bisibisi na kuwaambia basi, basi, acha hapo. Safari hii walinitii kwa kila neno. Kama ningewaambia waikaze huku wamesimama mguu mmoja wangesimama.

Tuligombana na mayu njiani. Nilimwambia amewauzia upumbavu wao wenyewe. Nilimwambia nimesimama pale saa nzima kuonyesha kwamba akriliki haijui nani ni mwanamke, na yeye kwa neno moja amegeuza saa hiyo kuwa uganga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye ameponda mawe kwa miaka mingi kuliko umri wangu wa kazi, na katika miaka hiyo hajamwona mwanamume hata mmoja aliyebadilishwa na ushahidi, lakini leo amewaona tisa wakishuka ndani ya duara lake. Akasema nikitaka nirudi nikawaambie. Akasimama barabarani kunisubiri nichague. Sikurudi. Hilo linaniuma kuliko swali la msimamizi, maana lile aliliuliza yeye, na hili nililinyamazia mimi.

Duara linafanya kazi mpaka sasa. Si utajiri, lakini wale akina mama hawapondi tena mawe ya watu. Kibao kipo, nimekiona kutoka barabarani, kimefifia kidogo na hakijapasuka. Kamba nayo ipo, hatua ishirini. Mayu anakisoma kibao chake akiwa nyuma ya kamba hiyo.

Ningeishia hapo kama mambo yangeishia hapo. Miezi kadhaa baadaye mwanamke nisiyemfahamu aliingia dukani, ametoka Rwamgasa, viatu vina tope jekundu. Wao pia ni kikundi, wao pia wamepata eneo. Nikafurahi, nikavuta daftari, nikamuuliza anataka kibao cha ukubwa gani. Akasema kibao wanacho tayari, kimetengenezwa huko huko. Akanionyesha picha kwenye simu. Kilikuwa cha akriliki, na kila tundu lilikuwa na ufa, matundu yote manne, herufi zimekatika, kazi ya aibu. Nilianza kumweleza kwamba hicho hakitavuka masika, na kwamba aliyekitoboa alisukuma, na kwamba naweza kumtengenezea kingine.

Akasema kibao hakina shida, hakuna aliyekitazama. Wachimbaji wamegoma kushuka. Wamesema duara la wanawake lisilonyunyiziwa maji ya Nyarugusu hawaingii, na wamempa mpaka kesho. Amekuja kuchukua maji.

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia ukweli wote, tangu mwanzo, kwa hasira, hata nikasimama. Nilimwambia hakuna maji ya Nyarugusu. Nikamletea kile kipande cha sabuni kutoka nyuma, nikakiweka juu ya meza mbele yake, nikamwambia ni hiki, dada, ni hiki tu, ukitaka kanunue hapo nje. Nikamwambia kwamba zamani walitudai tusiwe kwenye siku zetu, na sasa wanatudai na chupa, na chupa hiyo nimewapa mimi.

Alinitazama bila kushangaa hata kidogo.

"Najua ni sabuni, dada," akasema. "Wote tunajua. Jaza wewe, kwa sababu watauliza nani kajaza."

Nilikaa. Kisu kilikuwa pale pale mezani, nikakwangua sabuni kwenye maji, nikatikisa mpaka yakawa meupe, nikafunga kifuniko. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye upindo wa khanga. Alipofika mlangoni aligeuka, kwa aibu, akasema kwamba kuna mwenzake wa duara la pili naye wamemgomea. Nikainuka kutafuta chupa nyingine.